Pasipoti Iliyokosa Arusi

Kadhia ya mgomo wa posta wa Kanada ilitufikia kwa njia ya arusi. Mwishoni mwa mwaka 2024, jamaa zetu wa Mji wa Kale hapa Mombasa walikuwa wakimtayarisha binti yao kwa nikahi ya mwezi wa Disemba. Kila jambo lilikuwa limepangwa likapangika, ila mtu mmoja hakuwa amefika: mama mdogo wa bibi arusi, ambaye ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, na ambaye kwa miaka mingi sasa makazi yake ni mji wa Toronto. Pasipoti yake ya Kanada ilikuwa imekwisha muda. Aliomba mpya kwa posta, kama wafanyavyo wengi wa huko, akakata tikiti, akanunua zawadi za watu na kuzifunga kwenye sanduku la safari. Pasipoti ikachapwa, lakini haikutumwa.

Huenda wasomaji wetu wakastaajabu vipi barua imzuie mtu arusi katika zama hizi za simu. Sisi wa Pwani hatukuzoea tarishi wa kubisha mlango. Barua zetu zilikuja katika sanduku, na sanduku moja lilitosha chuo, msikiti na nusu ya mtaa. Mwenye mtoto Ghuba alimpa anwani ya mwalimu, na mwalimu akawa ndiye tarishi. (Kazi hiyo nasi tumeifanya, pamoja na kuwasomea barua zao wasiojua kusoma, na humo tumesikia siri za nyumba za watu ambazo tungependa tusingalizisikia.) Kanada desturi ni nyingine. Huko mamilioni ya watu huletewa barua mpaka mlangoni, na katika mkoba wa tarishi mna kadi za benki, dawa, hundi za uzeeni, karatasi za mahakama, na pasipoti.

Tarehe 15 Novemba 2024 wafanyakazi wa posta ya taifa, wapatao 55,000, waligoma nchi nzima. Serikali ilikuwa imekwisha kuuona mgomo unakuja, na wiki moja kabla yake iliacha kutia pasipoti katika posta ili zisije zikanasa njiani. Pasipoti zipatazo 85,000 zikabaki zilipo, na ya mama yetu wa Toronto ilikuwa miongoni mwao.

Alitupigia simu usiku mmoja, sauti imemkauka kwa hasira. "Sheikh," akasema, "mshahara wao nimeuzuia mimi? Kama wana deni na mwajiri wao, kwa nini mwanangu ndiye alipishwe?" Tukamwambia asubiri. Neno hilo halikumpendeza, na tukitazama nyuma tunaona alikuwa na haki, kwani swali lake lilistahili jawabu na sisi tulimpa nasaha.

Basi tukaitafuta asili ya ugomvi wenyewe. Wafanyakazi walidai nyongeza ya asilimia 24 kwa miaka minne. Mwajiri akatoa asilimia 11.5. Walizozana pia juu ya kupeleka vifurushi siku za mwisho wa wiki: mwajiri alitaka vibarua wa muda, na wenye ajira ya kudumu wakaona huo ndio mlango wa kuwaondolea kazi zao. Mwajiri naye ana lake la kusema. Mwaka 2006 posta hiyo ilibeba barua zipatazo bilioni 5.5, kufikia mwaka 2023 zilikuwa zimeshuka hadi bilioni 2 na ushei. Nyumba iliyokuwa ikipata barua saba kwa wiki sasa hupata mbili, na kufikia mgomo huo shirika lilikuwa limepata hasara ya zaidi ya dola bilioni 3 za Kanada tangu mwaka 2018. Mtu akiwa na insafu hawezi kusema kwamba upande mmoja ni dhalimu mtupu na wa pili ni malaika.

Lakini gharama ya mgomo haikugawanywa kwa insafu hiyo. Maduka makubwa yalihamia kwa wasafirishaji wa binafsi siku ile ile. Waliobaki wakingoja ni wale wasiokuwa na pa kuhamia: mzee anayelipia umeme kwa hundi kwa kuwa tarakilishi haijui, vijiji vya mbali vya kaskazini, penye theluji, ambako wasafirishaji wa binafsi hawafiki au hutoza bei isiyolipika, mama anayeuza kazi za mikono kutoka nyumbani kwake, na Disemba ndio msimu wake, mashirika ya sadaka yanayotegemea bahasha za michango za mwezi huo huo. Huo ndio uzito wa silaha ya mgomo wa posta, kwamba mwenye kujeruhiwa kwanza ni mnyonge, na tajiri hupitiwa na upepo tu. Wengi waliokasirika hawakuwa wabaya wa wafanyakazi. Walikuwa watu waliofungiwa mlango kwa ugomvi usiokuwa wao.

Hata hivyo kuna jambo moja lililotupendeza. Pande zote mbili, katikati ya uadui wao, zilikubaliana kwamba hundi za serikali za wazee na za malezi ya watoto zipelekwe mgomo ukiendelea. Tarishi aliyesimama langoni na bango aliliweka, akabeba hundi, akazifikisha kwa wenyewe, kisha akarudi langoni. Hapa tunaona fahamu ya amana. Barua iliyo mkononi mwa tarishi si mali yake wala ya mwajiri wake, ina mwenyewe. Dini yetu imekokoteza mfanyakazi apewe ujira wake upesi, na imekokoteza vile vile amana irudishwe kwa mwenyewe, nasi hatuoni kwa nini haki moja iiue nyingine. Kama hundi ziliweza kutengwa, na pasipoti zingetengwa. Lawama yetu juu ya jambo hilo twaielekeza kwa wakubwa wa pande zote, waliokaa mezani wakakumbuka moja wakasahau la pili.

Tulipomweleza hayo mama yetu, tulimtajia pia jambo la mwaka 1981. Mwaka huo wafanyakazi hao hao wa posta ya Kanada waligoma siku 42, na watu wakanung'unika vile vile. Walichokipata ni likizo ya uzazi ya majuma 17 yenye malipo karibu sawa na mshahara kamili, jambo ambalo wakati ule wanawake wengi wa nchi hiyo hawakuwa nalo, na vyama vya wafanyakazi wengine vikafuata nyayo. Alinyamaza kidogo. Akasema kwamba yeye mwenyewe alipojifungua mwanawe wa pili, akiwa mpishi wa hospitali, alilipwa likizo yake yote na hakuwahi kuuliza nani alimpigania. Kisha akaongeza, "Lakini arusi ni moja, Sheikh." Hatukuwa na la kumjibu.

Nikahi ilifungwa Ijumaa tarehe 13 Disemba. Mama mdogo aliiona katika simu iliyoshikwa na kijana asiyeweza kutulia, na alichokiona zaidi ni dari na migongo ya watu. Siku hiyo hiyo waziri wa kazi wa Kanada aliipelekea kadhia bodi ya mahusiano ya kazi, na tarehe 17 wafanyakazi wakaamriwa kurudi, ugomvi wao ukiwa haujaamuliwa. Tarehe 25 Septemba 2025 serikali ilipotangaza kwamba nyumba zipatazo milioni 4 hazitaletewa tena barua mlangoni, bali zitawekewa masanduku ya pamoja, mgomo ulizuka upya siku iyo hiyo. Kwa hivyo Kanada nayo inaelekea kwenye sanduku la mtaa, mahali tulipo sisi tangu zamani, ingawa shaka yetu ni kama watapata walimu wa kuwasomea.

Pasipoti ilifika Januari. Mama mdogo alitusimulia kwamba aliyeileta ni tarishi wake yule yule wa siku zote, mwanamke wa makamo, na kwamba alikuwa ameyatayarisha maneno makali ya kumwambia tangu Novemba. Alipofungua mlango akamwona amesimama kwenye theluji, kope zimeganda. Akampa chai ya tangawizi, akainywa palepale kizingitini. Maneno yale, anasema, bado anayo.