Risasi Hewani na Kimeng'enya Kinachozimwa Kimyakimya

Njiwa wa mjini hahami. Hula, huatamia na hufa katika mitaa michache, akivuta hewa ileile wanayovuta wachuuzi na madereva. Kwa sababu hiyo, enzi petroli ilipokuwa bado na risasi, watafiti waliwapima njiwa wa London wakawakuta wa katikati ya jiji wakiwa na risasi nyingi mwilini kuliko wenzao wa pembezoni, na kimeng'enya kiitwacho ALAD kikiwa kimefifia. Ni kweli kwamba njiwa humeza pia vumbi na changarawe. Pua haibebi lawama peke yake.

ALAD hufanya kazi katika hatua za mwanzo za utengenezaji wa himu, kiini chenye chuma ndani ya himoglobini. Ili kifanye kazi, huhitaji madini ya zinki. Chembe ndogo za risasi zikifika ndani kabisa ya mapafu, karibu zote hufyonzwa na kuingia katika damu. Humo risasi huiondoa zinki na kukalia nafasi yake. Kimeng'enya hubaki, lakini hakitendi. Malighafi yake, asidi ya aminolevulini, hurundikana na kutoka kwa mkojo, na sehemu yake hudhaniwa kuudhuru ubongo. Katika panya wa maabara waliopewa risasi, udhaifu huohuo huonekana kwenye ini na figo, kwani viungo hivyo navyo huhitaji himu.

Risasi haikuishia hapo. Huzuia pia feroketalesi, kimeng'enya cha hatua ya mwisho kinachotia chuma katika himu. Chuma kipo, ila hakiingii mahali pake.

Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwaka 2006, na Algeria, ya mwisho duniani, mwaka 2021. Hewa ya barabarani ikapata nafuu. Moshi wa kuyeyusha betri kuukuu, hata hivyo, haukukoma. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha aina hiyo hadi kilipofungwa mwaka 2014.

Basi mtoto mwenye upungufu wa damu asiyepata nafuu kwa vidonge vya chuma aulizwe swali moja zaidi: nani nyumbani hutengeneza betri, huchomelea au hukwangua rangi za zamani, na nguo za kazi hufuliwa wapi? Shirika la Afya Duniani linaelekeza chanzo kitafutwe na kuondolewa pale kipimo cha risasi katika damu kinapofika mikrogramu 5 kwa desilita. Vidonge vya chuma visikatizwe kwa mtoto aliyepungukiwa chuma, kwa maana upungufu huo huongeza ufyonzaji wa risasi tumboni. Dawa za kuitoa risasi mwilini ni za viwango vya juu, chini ya uangalizi wa hospitali, na hazina maana mtoto akirudishwa kwenye vumbi lilelile.