Rangi za Programu za Muziki na Haki ya Macho (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza jinsi kompyuta ilivyochukua mahali pa mashine za kanda katika studio, na mahali pa kalamu na karatasi ya mistari mitano mikononi mwa mtungaji. Leo tumefikia jambo ambalo wengi hulidhania dogo, nalo ni rangi. Je, programu ya muziki impe mtumiaji hiari ya kuchagua rangi za uso wake, na hususa ule uso wa giza ambao maandishi yake huwa meupe juu ya weusi, au mtengenezaji aamue rangi peke yake na kila mtu aipokee programu kama alivyoikuta? Rai yangu ni kwamba hiari hiyo ni haki ya macho wala si anasa, na mtengenezaji anayeinyima amewafungia mlango watu ambao kazi yao aliikusudia kuisaidia. Lakini ni hiari yenye sharti, na sharti lenyewe aghalabu husahauliwa hata na watengenezaji wenye nia njema.

Rangi si mgeni katika muziki, wala haikuingia pamoja na umeme. Karibu na mwaka 1025 mtawa Guido wa Arezzo, katika nchi ya Italia, aliwafundisha waimbaji wake kusoma nyimbo kwa mistari, na ili mwimbaji asipotee alitaka mstari wa sauti ya F uandikwe kwa wino mwekundu na ule wa C kwa wino wa manjano, hata mtoto aliyeanza jana aweze kuona kwa mara moja mahali ambapo nusu ya hatua imekaa. Katika karne ya 14, Wafaransa wa zama za mtungaji Philippe de Vitry waliandika baadhi ya nota kwa wekundu katikati ya nota nyeusi, na wekundu ule ulimwambia mwimbaji kwamba hesabu ya wakati imebadilika. Yapata mwaka 1450 nota ndefu zilizokuwa zimejazwa wino zilianza kuandikwa tupu ndani, na tangu hapo tofauti ya nota iliyojaa na nota iliyo wazi imekuwa tofauti ya urefu wa sauti. Basi tangu zamani, katika waraka wa muziki, rangi ilibeba habari. Aliyeibadilisha bila kujua alibadilisha wimbo.

Hali ni ile ile katika programu za leo, na mfano ulio karibu nasi ni MuseScore, programu ya bure ya kuandikia nota ambayo Werner Schweer aliianzisha mwaka 2002. Chukua mwalimu wa kwaya ambaye usiku anaandika wimbo wa sauti nne kwa ajili ya misa ya Jumapili. Soprano na alto wamekaa katika mistari mitano ile ile. Akiigusa nota ya soprano huona imegeuka samawati, akiigusa ya alto huona kijani, na kwa rangi hizo mbili hutambua nota ipi ni ya nani pale zinapopishana na kugombea nafasi. Akiiteremsha alto chini kupita uwezo wa koo, nota yenyewe huiva wekundu mbele ya macho yake, naye huirekebisha kabla waimbaji hawajafika mazoezini na kulalamika. Katika programu za kurekodi, kipimo cha sauti huwa kijani mwimbaji anapoimba kwa kiasi, huingia manjano anapopaza, na huwa chekundu anapokaribia mahali ambapo sauti hupasuka na kuharibika bila tiba. Rangi hizi ni sehemu ya maneno ya programu. Zile nyingine, yaani rangi ya mandharinyuma, ya fremu na ya vitufe, ni mavazi tu, na juu ya mavazi kila mtu na ahukumu kwa macho yake.

Historia ya uso wa giza ni fupi. Vioo vya kompyuta za kwanza vilitoa herufi za kijani au za rangi ya kaharabu juu ya weusi, kwa kuwa ndivyo ufundi wa vioo vile ulivyoruhusu. Kisha mwaka 1981 kampuni ya Xerox ilitoa kompyuta yake iitwayo Star, yenye uso mweupe mfano wa karatasi, na ulimwengu ukaifuata. Kampuni za mifumo ya kompyuta zilirejea kwenye giza kwa hiari, Windows 10 mwaka 2016 na kompyuta za Apple mwaka 2018. Watu wa muziki walikuwa wametangulia. Justin Frankel, aliyeitunga Winamp mwaka 1997, aliwapa wasikilizaji ruhusa ya kuivika sura yoyote waitakayo, na alipotoa REAPER, programu yake ya studio iliyofikia toleo la kwanza mwaka 2006, aliiacha wazi vivyo hivyo. Audacity, iliyozaliwa mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, iliwapa watu nyuso nne za kuchagua mwaka 2017, na mmojawapo ulikuwa uso wa giza. Desemba 2022 ilitoka MuseScore 4 yenye uso wa mwanga, wa giza na wa rangi zilizokazwa kwa wenye macho dhaifu. Na mwezi huo huo ikatoka FL Studio 21, toleo jipya la programu wanayoitumia maprodyuza wengi wa Bongo Fleva na singeli, nayo kwa mara ya kwanza ikamruhusu mtu kupindua rangi za uso wake wote.

Sasa tuyaendee macho yenyewe, kwa maana hapa pamejaa maneno yasiyo na mizizi. Husemwa sana kwamba giza hupumzisha macho ya kila mtu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Düsseldorf, Ujerumani, Buchner na Baumgartner, walitangaza mwaka 2007 kwamba watu waliopewa kazi ya kusahihisha maandishi kwenye kioo waliifanya vizuri zaidi maandishi yalipokuwa meusi juu ya weupe, iwe chumba kina mwanga au kina kiza. Na uchunguzi mwingine wa chuo hicho wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba faida hiyo ni ya vijana na ya wazee pia. Sababu inafahamika: mbele ya mwanga mboni hujibana, na mboni iliyojibana huiona alama ndogo kwa ukali, ilhali mbele ya weusi mboni hufunguka, na dosari zote za lenzi ya jicho hupata njia ya kupita. Mtu ambaye jicho lake halikuviringana sawasawa, nao ni wengi kuliko wajijuavyo, huziona herufi nyeupe juu ya weusi zikitoa miali na kutambaa nje ya mipaka yake.

Hata hivyo, aliyeishia hapo akahukumu kwamba uso wa giza ni upuuzi atakuwa amewadhulumu watu wengine. Mwaka 1985 Gordon Legge na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota walieleza kwamba wale ambao maji ya macho yao au lenzi zake zimeingia ukungu, kama wenye mtoto wa jicho, husoma vema zaidi herufi nyeupe juu ya weusi, kwa kuwa weupe mwingi wa ukurasa hutawanyika ndani ya jicho na kuifunika habari. Mpiga kinanda mzee wa kanisani mwenye ukungu wa jicho na mjukuu wake anayemsaidia kuandika nota wanaweza, kwa kioo kile kile, kuhitaji nyuso mbili zinazopingana, na kila mmoja akawa na haki. Ushahidi huu ndio ulionithibitishia rai yangu. Kama uso mmoja ungalikuwa bora kwa watu wote, mtengenezaji angalikuwa na udhuru wa kuuchagua kwa niaba yetu, lakini haupo.

Fauka ya hayo, kazi ya studio si kusoma aya ndefu. Prodyuza husikiliza kuliko asomavyo, hutupia jicho mawimbi ya sauti, hurudi kwenye vipaza, hutazama tena. Na kwa kuwa wengi hufanya kazi usiku, wakati kelele za mtaa zimetulia, taa huwa zimepunguzwa na kioo cheupe huwa ndicho chenye mwanga mkali kupita vyote chumbani. Vivyo hivyo kwa anayeongoza sauti jukwaani au anayepiga muziki ukumbini, ambaye uso wake haupaswi kumulikwa na kompyuta yake mbele ya watu. Kwa hao giza lina maana ya kweli, hata kama kusahihisha barua ni bora kufanywe juu ya weupe.

Dai kwamba giza huokoa umeme nitalipitia upesi. Kioo cha aina ya OLED, kilicho katika simu nyingi za bei ya juu, huzima kila nukta iliyo nyeusi na hivyo huokoa chaji. Lakini kompyuta nyingi za studio hutumia vioo vya LCD, ambavyo taa yake huwaka nyuma ya kioo kwa nguvu ile ile ikiwa picha ni nyeusi au nyeupe. Hata kwa OLED, uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Purdue wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba simu iliyowekwa mwangaza wa asilimia 30 hadi 50 huokoa asilimia 3 hadi 9 tu. Asiuchague mtu uso wa giza kwa hofu ya umeme kukatika.

Tumefika kwenye lile sharti nililolitaja. Shirika la W3C, linaloweka kanuni za intaneti, hupima tofauti ya mwangaza baina ya alama na mahali ilipowekwa; weusi kamili juu ya weupe kamili hufika 21 kwa 1, maandishi ya kawaida yasishuke chini ya 4.5 kwa 1, na alama za michoro zisishuke chini ya 3 kwa 1. Sasa tazama yatokeayo mtengenezaji anapogeuza mandharinyuma tu na kuziacha rangi za habari kama zilivyokuwa. Samawati kamili juu ya weupe hupata 8.59, nayo ni salama. Samawati ile ile juu ya weusi huporomoka hadi 2.44, chini ya kiasi cha halali. Manjano kamili juu ya weusi hung'aa kwa 19.56, na juu ya weupe hubaki 1.07, yaani ni kama haipo. Rangi iliyokuwa ikisema kwa sauti imekuwa bubu, wala hakuna kilichobadilika ndani yake.

Na wekundu una hatari ya peke yake. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, wanane hivi katika kila mia hawatofautishi vema wekundu na kijani, na kundi moja kati yao, ambalo jicho lake limekosa au limepungukiwa na kipokezi cha mawimbi marefu ya nuru, huuona wekundu kuwa hafifu na wenye kiza. Mtu huyo mbele ya uso mweupe huliona onyo jekundu kama doa jeusi, nalo humtosha. Mbele ya uso wa giza doa hilo humezwa na weusi unaolizunguka, na sauti hupasuka huku yeye akidhani mambo ni salama. Kwa hiyo uso wa giza hautengenezwi kwa kupindua rangi. Hutengenezwa kwa kuchagua upya, moja baada ya moja, kila rangi yenye habari, na kwa kuongeza kando yake alama isiyotegemea rangi: herufi, mshale, mstari wa vitone, au tarakimu ya kipimo.

Ukurasa wa nota wenyewe nao ni suala la pekee. Nota ya pigo moja imejaa na nota ya mapigo mawili iko wazi. Ukurasa ukigeuzwa, iliyojaa huwa nyeupe na iliyo wazi huwa na weusi ndani yake, na mwanafunzi aliyefundishwa kwa kitabu cha chapa hutaabika kusoma alichokwisha kukijua. Mistari mitano, ambayo ni myembamba kupita alama zote, ikiwa myeupe juu ya weusi huonekana kumeta na kunenepa, hasa kwa jicho lenye dosari niliyoitaja. MuseScore imefanya busara kuyatenga mambo mawili: vitufe na fremu vyaweza kuwa vyeusi huku ukurasa ukibaki mweupe kama utakavyochapwa, na anayetaka kuugeuza ukurasa pia ana njia. Naona huo ndio mpangilio wa kuigwa.

Wapo wasemao kwamba hiari nyingi humchosha mwalimu, kwa kuwa hawezi tena kuwaambia wanafunzi wabonyeze kile kitufe cha samawati, na picha za kitabu cha mafunzo hazifanani na vioo vyao. Hoja hii ina uzito, wala siitupi. Lakini mwalimu aliyezoea kutaja kitufe kwa jina lake na mahali pake amemfaa pia yule mwanafunzi asiyeiona rangi, ambaye kwa haya hanyoshi mkono kuuliza. Wapo pia wasemao kwamba kazi hiyo ni gharama. Ni kweli, kwa maana kila uso unaoongezwa sharti ukaguliwe kila toleo jipya linapotoka. Ndiyo sababu napendelea nyuso chache zilizopimwa vizuri, wa mwanga, wa giza na ule wa rangi zilizokazwa, kisha mlango uachwe wazi kwa atakaye kupanga rangi zake mwenyewe, pamoja na kitufe kimoja cha kumrudisha kwenye rangi za asili akikosea. Na programu ikifunguliwa mara ya kwanza, ifuate uso ambao mtu ameuchagua tayari katika kompyuta yake.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutawaendea wale ambao rangi yoyote haiwafai kitu, wasioona kabisa, na kueleza jinsi nota zilivyoandikwa kwa vitone na Louis Braille, ambaye alikuwa mpiga kinanda cha kanisa na aliyetangaza hati yake mwaka 1829, na jinsi MuseScore inavyoweza leo kuzitoa nota hizo chini ya vidole vya mtungaji wakati ule ule anapoziandika.