Je, Wajua? Rais Akikataa, Bunge Likikaza

Je, wajua kuwa ukivuka daraja la Rusizi kutoka Kamembe kwenda Bukavu, hesabu ya kumshinda Rais inabadilika? Rwanda, Rais akirudisha sheria bungeni, theluthi mbili ya kura zinamlazimu kuitangaza. Zile sheria zinazoifuata Katiba kwa uzito zinadai robo tatu. Ng'ambo, Kongo, zaidi ya nusu ya wajumbe wote wa kila baraza wanatosha.

Je, wajua kuwa sheria iliyokifanya Kiswahili lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017 imo katika kundi hilo la robo tatu?

Wajua ya Tanzania? Wabunge wakirudisha muswada kwa theluthi mbili ya wabunge wote, Rais ana siku 21 za kuukubali. Asipokubali, anavunja Bunge, na uchaguzi wa Rais nao unafanyika. Kukataa si bure.

Je, wajua kuwa mwaka 1866 Mmarekani mweusi aliyetoka utumwani hakuwa na hakika ya kununua shamba, kurithi, kumshitaki aliyemdhulumu, wala kutoa ushahidi mahakamani? Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kumpa hayo yote, pamoja na uraia. Rais Andrew Johnson akaikataa Machi 27. Aprili 6 Seneti ikapiga kura tena: 33 kwa 15. Zilihitajika theluthi mbili, yaani 32. Wangegeuka maseneta wawili tu, sheria ingekufa pale pale! Siku tatu baadaye Baraza la Wawakilishi likamalizia, 122 kwa 41. Nchi hiyo haikuwa imewahi kuona sheria nzito namna hiyo ikipita bila ridhaa ya Rais.

 

Je, wajua kuwa Rais Ronald Reagan wa Marekani alipokataa vikwazo dhidi ya makaburu mwaka 1986, Seneti iliyokuwa mikononi mwa chama chake ilimpinga, 78 kwa 21? Aliyeongoza ni Richard Lugar, wa chama hicho hicho. Walipiga marufuku makaa ya mawe, urani na chuma cha Afrika Kusini, wakazuia ndege zake kutua, na kuachiwa kwa Nelson Mandela kukaandikwa kuwa sharti la kuondoa vikwazo.

Na Machi 1988 Reagan akashindwa tena katika Seneti, 73 kwa 24, juu ya sheria aliyoikataa: chuo kikipokea fedha za serikali katika idara moja, hakiruhusiwi kubagua katika idara yoyote.