Tornado: Upepo Hupita, Mabati na Udongo Ndivyo Vinavyoua

Aprili 1989, wakulima wa wilaya ya Manikganj, katikati ya Bangladesh, walikuwa wamekaa miezi kadhaa wakiisubiri mvua. Jioni ya tarehe 26 wingu zito lilitanda, lakini lilikuja na tornado. Ilianzia eneo la Daulatpur, ikaelekea mashariki na kuipiga Saturia, kisha viunga vya mji wa Manikganj. Inakadiriwa kuwa watu 1,300 walikufa, 12,000 walijeruhiwa na 80,000 walibaki bila makazi. Katika kumbukumbu za dunia, hakuna tornado nyingine iliyoua watu wengi kiasi hicho.

Njia yake ilikuwa ndefu lakini nyembamba: urefu wa takriban kilomita 80, upana wa kilomita moja na nusu hivi. Hapo ndipo tornado inapotofautiana na vimbunga vya baharini kama Hidaya, kilichofika pwani ya Tanzania Mei 2024. Kimbunga hutanda mamia ya kilomita, hudumu siku kadhaa na satelaiti hukiona kingali mbali. Tornado huzaliwa ndani ya wingu moja la radi, nyingi hazimalizi hata nusu saa, na onyo lake huja dakika chache kabla, kama linakuja.

Inavyozaliwa

Kila Aprili na Mei, hewa yenye joto na unyevu hutoka Ghuba ya Bengal na kuingia Bangladesh ikiwa karibu na ardhi. Juu yake hupita hewa kavu kutoka India, na juu zaidi kuna pepo kali zinazovuma kutoka magharibi. Hewa ya chini, kwa kuwa ni nyepesi, hupanda kwa kasi na kujenga mawingu makubwa ya radi. Wenyeji huziita dhoruba za msimu huo Kalbaishakhi.

Dhoruba nyingi za aina hiyo huishia kwenye mvua na radi. Hatari huanza pale upepo wa juu unapokuwa na kasi na mwelekeo tofauti sana na wa chini. Hewa iliyo katikati huviringika kama penseli inayosuguliwa baina ya viganja. Mkondo unaopanda huuinua mviringo huo ukasimama wima, na wingu zima likaanza kuzunguka. Mzunguko huo ukibanwa na kufika ardhini, hiyo ndiyo tornado.

Karibu na ikweta, tofauti hiyo ya pepo kwa kawaida ni ndogo. Ndiyo sababu Afrika Mashariki haina tornado kubwa za mara kwa mara, ingawa nguzo za maji zinazozunguka huonekana katika Ziwa Victoria. Kusini zaidi hali ni tofauti: Desemba 1998 tornado iliupiga mji wa Umtata, Afrika Kusini, Nelson Mandela akiwa ndani ya duka la dawa mjini humo. Alitoka salama.

Nguvu yake hupimwaje?

Vipimo vya upepo ni vichache mashambani, na tornado ikivipitia huweza kuviharibu. Kwa hiyo wataalamu hukagua uharibifu kwanza, kisha hukadiria kasi. Kipimo kinachotumika kinatokana na kazi ya Tetsuya Fujita wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyekitangaza mwaka 1971. Daraja huanzia 0 hadi 5.

Udhaifu wa kipimo hicho huonekana vijijini. Mei 31, 2013, tornado yenye upana wa kilomita 4 na ushei ilipita karibu na El Reno, Oklahoma, Marekani. Rada ilinasa upepo wa karibu kilomita 480 kwa saa, lakini tornado hiyo ikapewa daraja la 3 tu. Ilipita zaidi mashambani, palipokuwa na majengo machache ya kukagua.

Nyumba inavyobomoka

Kasi ya upepo ikizidi mara tatu, msukumo wake huongezeka mara tisa. Unapopita juu ya paa, upepo hulivuta kwenda juu. Ukipenya mlangoni au dirishani, hulisukuma pia kutoka ndani. Misumari iliyoshika mbao kidogo tu huchomoka, paa huezuliwa, na kuta zilizokuwa zimeshikwa na paa huwaangukia walio ndani. Kwa hiyo imani ya kale kwamba kufungua madirisha huiokoa nyumba ni potofu. Kunaukaribisha upepo ndani.

Kuanzia hapo bati huwa upanga unaoruka. Vifo vingi vya tornado hutokana na vitu vinavyorushwa au kuangukia watu, na majeraha ya kichwa ndiyo yanayoua zaidi. Aliyebanwa na kifusi kwa saa nyingi naye yumo hatarini hata akitolewa akiwa anaongea: misuli iliyopondeka humwaga sumu kwenye damu na kuharibu figo.

Kisha kuna udongo. Upepo huusukuma ndani kabisa ya nyama pamoja na vipande vya mbao, bakteria na ukungu. Baada ya tornado ya Joplin, Missouri, Mei 2011, watu 13 walipata maambukizi makali ya ukungu wa udongo kwenye majeraha, watano walikufa.

Somo hilo linatuhusu hata sisi ambao tornado ni habari za mbali, kwani kila msimu wa mvua upepo huezua mapaa ya nyumba na madarasa yetu. Funga kenchi kwenye kuta kwa waya au vyuma, usitegemee misumari pekee. Dhoruba ikikukuta ndani, kaa chini kwenye chumba cha katikati, mbali na madirisha, na ukinge kichwa. Ukimhudumia majeruhi, usichomoe kitu kilichozama mwilini. Kidonda kichafu kioshwe kwa maji safi mengi, na kisishonwe haraka kabla mhudumu wa afya hajakisafisha hadi ndani. Na hata kidonda kikiwa kidogo, majeruhi aulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda siku hiyohiyo.