Vali Mpya ya Moyo: Kidonge Kimoja au Viwili? (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tulimwona Alain Cribier wa Rouen, Ufaransa, ambaye Aprili 2002 alikuwa wa kwanza kumwekea mgonjwa vali ya aota bila kupasua kifua, akiipitisha kwa mrija ndani ya mshipa wa damu. Leo tuulize: mgonjwa huyo akirudi nyumbani, ameze nini?

Vali hizi hutengenezwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe au nguruwe, ulioshonwa ndani ya kimia cha metali. Damu ikikutana na kitu kigeni, chembe sahani hukivamia kama zinavyovamia jeraha. Donge likijengeka huibana vali. Likibanduka, huenda ubongoni na kuleta kiharusi. Ndiyo sababu ya dawa tunazoziita za kuyeyusha damu. Kwa kweli haziyeyushi kitu. Huichelewesha damu kuganda.

Kwa miaka mingi madaktari waliandika aspirini pamoja na klopidogreli, desturi iliyorithiwa kutoka kwa wagonjwa wa stenti, vile vimirija vya kuzibua mishipa ya moyo. Mwaka 2020 utafiti wa POPular TAVI, ulioongozwa na madaktari wa Uholanzi, ukaipima desturi hiyo kwa wagonjwa 665. Ndani ya mwaka mmoja, asilimia 26.6 ya waliopewa dawa zote mbili walivuja damu. Kwa waliomeza aspirini peke yake, ilikuwa asilimia 15.1. Viharusi na mishtuko ya moyo havikuongezeka kwa kupunguza kidonge. Kabla ya hapo, mwaka 2018, utafiti wa GALILEO, uliojaribu rivaroksabani, dawa ya aina nyingine ya kuzuia kuganda, ulisimamishwa mapema: vifo na kuvuja damu vilizidi.

Wengi wa wagonjwa hawa ni wazee wa miaka themanini, na kidonda kidogo cha tumbo kinaweza kuwamaliza. Kwao, kinga ya ziada ni hatari ya ziada.

Lakini msomaji, usichanganye mambo. Mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio huhitaji dawa ya aina hiyo nyingine ya kuzuia kuganda, na mara nyingi hiyo peke yake hutosha. Na ndugu zetu wengi ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi wamewekewa vali za kimakanika: hao hutegemea dawa iitwayo wafarini maisha yote, pamoja na kupima damu mara kwa mara. Mmoja wao akiiacha kwa kuwa jirani anameza aspirini tu, vali inaweza kukwama siku yoyote.

Basi muulize daktari wako mawili: vali yangu ni ya aina gani, na kila kidonge nakimeza hadi lini?

Wiki ijayo: kung'oa jino ukiwa kwenye dawa hizi.