Mchele wa Kariakoo na kiu ya Mto Ruaha

UKIPITA kwenye maduka ya nafaka Kariakoo, jijini Dar es Salaam, muuzaji hakosi kukuonyesha gunia la mchele wa Mbeya. Ni wanunuzi wachache wanaojua kwamba sehemu ya mchele huo hutoka Bonde la Usangu, wilayani Mbarali, na hulimwa kwa maji yale yale yanayotegemewa na wanyama wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964. Mwaka 2008 iliongezewa Pori la Akiba la Usangu, ikazidi kilometa za mraba 20,000. Ni nchi ya mibuyu na vilima, yenye tembo, simba, mbwa mwitu na tandala. Uhai wake wakati wa kiangazi ni Mto Ruaha Mkuu.

Zamani mto huo ulitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi karibu kila kiangazi. Viboko hubanana kwenye vidimbwi vya tope, samaki hufa na tembo huchimba mchanga kutafuta maji.

Mwaka 2006 serikali iliwaondoa wafugaji Usangu, lakini mto uliendelea kukauka. Sababu mojawapo ni mabanio ya umwagiliaji, ambayo huendelea kuchepusha maji hata mpunga ukishavunwa. Maji mengi hupotea kwa mvuke mashambani. Ardhioevu ya Ihefu ikikosa maji ya kutosha, mto unaotoka humo hukatika.

Hasara haiishii kwa viboko. Mto huo hupeleka maji kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Mwaka 2006, ukame ulipopunguza maji ya Mtera, Dar es Salaam iliingia kwenye mgawo mkali wa umeme.

La kufanya linajulikana. Mabanio yafungwe baada ya mavuno, na vijiji vichimbiwe visima ili mifereji isiachwe wazi kwa ajili ya maji ya nyumbani. Wakulima nao wafundishwe kilimo shadidi, kinachotumia maji kidogo.

Mfanyabiashara wa Kariakoo asidhani hayamhusu. Gharama ya maji haikuonekana kwenye bei ya kilo ya mchele, lakini mwaka ule wengi waliilipa kwa mafuta ya jenereta.