Nyayo za Hujaji

Katika darasa la mahujaji msikitini kwetu tumezoea kusomesha nia, talbiya na masharti ya ihramu kwa wiki kadhaa; habari ya miguu hatuigusi. Mwaka jana akina mama wawili walirejea wakilalamikia visigino, na mzee mmoja akatueleza kuwa ilifika siku akawa anakanyaga kama aliyevaa viatu vya mwenziwe. Ikatulazimu tuulize.

Wayo una mifupa 26, na upande wa ndani umeinuka mfano wa tao. Tao hilo hushikwa na kano pamoja na misuli, hasa ule unaoanzia nyuma ya muundi, ukapita nyuma ya kifundo cha ndani na kujifunga chini ya wayo. Msuli huo ukichoka, tao hushuka kwa milimita chache, na uzito huangukia kano na utando mgumu wa chini ya wayo. Ndipo mtu anapoamka kwa Alfajiri, hatua za kwanza zikamchoma kisigino.

Hujaji huchoka upesi. Sa'i peke yake, safari saba baina ya Safaa na Marwa, ni kama kilomita 3 juu ya marumaru, tena baada ya tawafu.

Kano za wanawake kwa kawaida ni laini zaidi. Mimba huzidi kuzilegeza, na tao lililoshuka wakati huo huenda lisirudi lote. Maradhi ya ule msuli pia huwapata zaidi wanawake waliovuka miaka 40. Wanaume nao wana mtihani wao: ihramu inawakataza viatu vya kufunika mguu, na baina ya taa za kijani wao ndio hukimbia. Mwanamke ameruhusiwa kiatu kamili chenye soli iliyoinuka katikati, lakini wengi wa mama zetu huchagua kandambili nyembamba kama waume zao, wakidhani ndiyo ihramu. Sivyo. Hata mwanamume anaweza kutafuta ndara za soli nene.

Mwaka huu tumeongeza zoezi darasani: kusimama kwa ncha za vidole na kushuka taratibu, mara kumi asubuhi na jioni, wiki nyingi kabla ya safari. Kwa anayeona haya kukalia kiti cha magurudumu, tunamkumbusha Ummu Salama (r.a.), aliyekuwa mgonjwa, na Mtume (s.a.w.) akamwelekeza atufu akiwa amepanda mnyama, nyuma ya watu.